Usimsikilize Anayesema "Nendeni Tu"

Kifuniko cha valvu kilikuwa kimemshinda. Hakikuwa kimekaza. Alikishika, akakizungusha, kidole gumba kikateleza juu yake bila kukisogeza. Akajaribu tena. Kisha nikaona ameacha kulitazama gurudumu, anautazama mkono wake.

Pancha ya nyuma, kando ya barabara iliyolowa, ukungu haujainuka. Msafara wetu wa baiskeli ulikuwa umeshapinda kona. Siku hiyo nilikuwa mlinda mkia, yule anayekaa nyuma ya wote ili asibaki mtu, kwa hiyo hapo ndipo nilipotakiwa kuwa. Kiongozi wa safari alirudi akiwa na wenzetu wawili, akauliza kama tuko sawa.

"Nendeni tu," akasema yule mwenzetu kabla sijafungua mdomo. "Msinisubiri, mtapoa bure. Mimi nitageuza nirudi taratibu."

Alisema kwa tabasamu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha amua. Lakini midomo yake haikuwa ikifunga vizuri kwenye ile "m" ya kwanza.

Hatukwenda. Kiongozi alimvua glavu zilizolowa, akampa zake za akiba, tukabadilisha mpira wa ndani, tukamrudisha sote kwa njia fupi. Aliingia ndani akapata joto, mambo yakaisha vizuri. Kinachonisumbua kwa wiki kadhaa sasa si mwisho huo. Ni kwamba aliposema "nendeni tu", wale wenzetu wawili walikuwa wameshaweka mguu kwenye pedali. Si watu wabaya hata kidogo. Walikuwa wameambiwa waende, na walikuwa wanatetemeka.

## Kauli ya kila msimu

Aliyewahi kuwa kwenye klabu ya baiskeli anaijua kauli hii. Wakati wa joto haina uzito mkubwa. Barabara ni kavu, jua lipo, anayebaki atakaa kwenye nyasi, atabadilisha mpira wake kwa utulivu, na pengine atafurahia kurudi peke yake. Maneno hayohayo wakati wa baridi yana maana nyingine kabisa, ila sisi tunayasikia kwa masikio ya kiangazi.

Na angalia ni nani huyasema. Si mara nyingi utayasikia kwa mwenye miguu ya chuma. Huyasema mgeni. Huyasema aliyetoka kuugua, mwenye baiskeli nzito, au yule ambaye tangu kilima cha kwanza amekuwa akitukuta tumesimama kwenye makutano, mmoja wetu akichungulia saa. Hakuna aliyemwambia neno baya, lakini aibu haihitaji kuambiwa. Kufikia saa ya pili ameshajiona mzigo, na pancha inampa nafasi ya kuutua.

Mwanzoni nililichukulia kama suala la adabu. Mwenzetu mpole, hataki kusumbua, basi kazi yetu ni kumhakikishia kwamba hasumbui. Hapo ningeweza kuishia.

Kisha nikaikumbuka ile "m".

Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, madaktari huiita hali hiyo haipothemia. Kabla na wakati wa kuingia huko mwili hutoa dalili ambazo kila mlinda mkia anapaswa kuzijua: mikono inakuwa mizito, ulimi unakuwa mzito, miguu inayumba. Pamoja na hayo uamuzi nao hulegea. Mtu anaanza kuona mambo mabaya kuwa ya kawaida, anasema yuko sawa, na anaamini anachosema. Wakati mwingine hata kutetemeka kunakoma, na waliomzunguka wanadhani amepata nafuu kumbe hali imezidi.

Kwa hiyo tunapomuuliza mtu aliyepoa, "Tukuache?" tunaomba uamuzi kutoka mahali ambapo baridi imeshafika. Huenda anayejibu ni mwenzetu. Huenda ni baridi inayojibu kwa niaba yake.

Jibu lake, vyovyote litakavyokuwa, halitoshi.

## Joto linatoka miguuni

Nilianza kusoma kidogo ili nielewe kwa nini mtu aliyekuwa akizungumza na kucheka dakika ishirini kabla alifika pale. Nilichokuta ni rahisi, na sijui kwa nini hatukiwaambii wageni siku ya kwanza.

Mwili wa mwendesha baiskeli hupeleka kwenye pedali kiasi cha robo tu ya nguvu unayotumia, mara nyingi chini ya hapo. Inayobaki inakuwa joto. Anayekanyaga kwa wati 150, mwendo wa kawaida wa safari ya pamoja, anazalisha wati zipatazo 500 za joto mwilini. Ndiyo maana tunaweza kutoka asubuhi ya nyuzi 2 tukiwa na nguo ambazo mtu anayesubiri basi hangezithubutu. Hatuvai vya kutosha; tunajipasha wenyewe.

Akisimama, jiko hilo linazimika karibu palepale. Jasho halikauki palepale. Nguo ya ndani iliyolowa inaendelea kuvuta joto, na mwili, kwa kulinda moyo na viungo vya ndani, unabana mishipa ya mikono na miguu. Vidole ndivyo vinavyonyimwa damu kwanza. Na ni vidole hivyohivyo unavyovihitaji kufungua valvu, kubandua tairi na kupapasa ndani yake kutafuta kijiwe kilichotoboa.

Tena ukiwa kwenye mwendo kuna upepo unaojitengenezea mwenyewe. Kwa kanuni inayotumika kukadiria ubaridi wa upepo, nyuzi 0 ukienda kilomita 30 kwa saa ngozi iliyo wazi inaona kama nyuzi 6 chini ya sifuri. Hapo hewa ikiwa imetulia. Ukiteremka kilima ni zaidi, na kwenye mteremko miguu haifanyi kazi, kwa hiyo upepo unaongezeka wakati jiko limezimwa.

Pancha nazo huongezeka wakati huu. Mvua husukuma changarawe na vipande vya vioo hadi pembezoni mwa lami, pale hasa tunapopita, na maji hulainisha njia ya kitu chenye ncha kupenya kwenye mpira wa tairi. Majira yenye pancha nyingi ndiyo majira ambayo kusimama kunaumiza zaidi.

## Kazi ngumu iko mkiani

Hapa ndipo nilipobadili mawazo juu ya jambo nililoliamini tangu nijiunge na klabu. Niliamini kwamba anayekwenda taratibu akae nyuma, akijibanza mgongoni mwa wenzake, apumzike. Inaonekana ni huruma.

Ni kweli kwamba nyuma ya mwenzako kuna kivuli cha upepo. Anayefuata kwa karibu hukatiwa takriban theluthi moja ya ukinzani wa hewa, na kwenye kundi kubwa ni zaidi sana. Mwaka 2018 mtafiti Bert Blocken na wenzake walichunguza mfano wa msafara wa waendesha baiskeli 121, wakakuta kwamba walio katikati, kuelekea nyuma, wanakabiliwa na asilimia 5 hadi 10 tu ya ukinzani ambao wangeupata wakiwa peke yao. Na wakati wa baridi kivuli hicho kina thamani zaidi, maana hewa ya nyuzi 0 ni nzito kwa kiasi cha asilimia 7 kuliko ya nyuzi 20.

Lakini hizo ni hesabu za msafara uliotulia, kila mtu akiwa mahali pake. Safari yetu ya wikendi haitulii. Kuna kona, kuna daraja, kuna taa za barabarani, kuna yule wa mbele anayeongeza kasi kwenye kila kilima kidogo. Msafara unajikunja na kujinyoosha kama jongoo. Wa kwanza anapunguza mwendo kidogo kabla ya kona. Wa pili anafunga breki kidogo zaidi. Wa kumi karibu anasimama. Wa kwanza akitoka kwenye kona anaongeza mwendo taratibu. Wa kumi anapaswa kukurupuka ili asiachwe. Tukimaliza asubuhi, wa mkiani amekurupuka makumi ya mara huku wa tatu akidhani safari ilikuwa ya starehe.

Na kila kukurupuka ni jasho. Jasho hilo ndilo litakalompoza tukisimama.

Siku asipofunga pengo la mita chache, anakuwa nje ya kivuli. Mzigo wa upepo unamrudia wote, katika dakika ileile aliyoishiwa. Kutoka hapo haachwi kidogo kidogo. Anaachwa moja kwa moja, na wa mbele hawana hata habari, kwa sababu kofia zimefunika masikio na kila mtu anatazama lami inayong'aa asije akapita juu ya barafu.

Tangu siku ile, mlinda mkia akiwa mimi, mgeni namwomba akae wa tatu au wa nne, ndani, upande usio na upepo. Hazungushwi kuja mbele kuvuta msafara. Mkiani wanakaa wenye nguvu, wanaoweza kukurupuka bila kugharimika. Kuna waliolalamika kwamba mgeni akiwa katikati msafara unakatika nyuma yake. Unakatika kweli, mara mojamoja. Lakini ukikatika hapo unakatika mbele ya macho ya watu, na wenye miguu ya kuuunganisha tena wako papo hapo.

## Hadithi tunazopenda kusimuliana

Tukikaa baada ya safari, hadithi za baridi hazikosi. Aprili 1980, Liège–Bastogne–Liège, mashindano ya siku moja ya Ubelgiji, theluji: walioanza ni 174, waliomaliza 21. Bernard Hinault akashinda kwa zaidi ya dakika 9, na vidole vyake viwili havikurudi kuwa kama zamani. Hadithi hii tunaisimulia kwa macho yanayong'aa, na mgeni aliyekaa pembeni anajifunza kwamba kulalamikia vidole ni udhaifu.

Mimi siku hizi naisimulia nyingine. Juni 1988, Giro d'Italia, mashindano ya kuzunguka Italia, ilipanda mlima Gavia kwenye theluji. Wa kwanza kufika kileleni alikuwa Johan van der Velde, mikono mitupu, bila nguo ya kumkinga. Alianza kuteremka, baridi ikamshinda, akatafuta pa kujihifadhi, na alipofika Bormio, mwisho wa safari ya siku hiyo, alikuwa amepoteza zaidi ya dakika 40. Kupanda hakukumshinda. Kuteremka ndiko kulikomshinda, pale jiko lilipozimika.

Siku hiyohiyo Andy Hampsten alifika wa pili nyuma ya Erik Breukink, akavaa jezi ya waridi ya anayeongoza mashindano, na baadaye akawa Mmarekani wa kwanza kushinda Giro. Alikuwa na moyo, bila shaka. Lakini pia viongozi wa timu yake walikuwa wameamka wakaingia kwenye maduka ya vifaa vya kuteleza kwenye theluji, wakanunua glavu na nguo nzito, na karibu na kilele kulikuwa na watu wanaompokea na nguo hizo na chai ya moto.

Uamuzi uliomwokoa ulifanyika asubuhi, na watu waliokuwa na joto. Hilo ndilo ninalotaka wageni wetu walisikie.

## Wenye kasi nao wanapoa

Sasa nifike kwenye shaka yangu, maana nimeizungusha kichwani muda mrefu.

Msimamo wangu wa kwanza ulikuwa mmoja: tunasubiri, basi. Klabu ni klabu. Anayetaka kukimbia akakimbie siku nyingine. Niliusema hivyo mbele ya mwanachama mmoja mkongwe, mzee aliyewahi kuongoza safari hizi kwa miaka mingi kabla yangu, nikitarajia aniunge mkono.

"Mwanangu," akasema, "mnasubiri nini? Mnasimama kumpoza mtu aliyekwisha poa, na kuwapoza wengine kumi pamoja naye."

Sikumjibu. Alikuwa sahihi, na hesabu ya joto niliyokuwa nayo mfukoni ilimuunga mkono yeye.

Maana mwenye kasi akilazimishwa kwenda taratibu, jiko lake nalo linapungua. Amevaa nguo za mtu anayezalisha joto jingi. Mpe mwendo wa nusu, na baada ya saa moja vidole vyake vitakuwa vilevile vya mwenzetu wa pancha. Wale wawili walioweka mguu kwenye pedali hawakuwa na haraka ya sifa. Walikuwa wanaganda. Ukiwachanganya watu wa uwezo ulioachana sana kwenye msafara mmoja siku ya baridi, wa chini wanaloa jasho na wa juu wanatetemeka, na sote tunaita hali hiyo umoja.

Hapo nikaona kwamba kosa halikuwa kando ya barabara. Tukishafika mahali pa kumuuliza mtu kama tumwache, majibu yote ni mabaya. Kumwacha ni hatari. Kusimama sote ni hatari. Swali lilipaswa kumalizwa kabla hatujatoka.

## Njia inayopita nyumbani

Kwa hiyo nimekuwa nikigombania mabadiliko, na mengi yamekubaliwa.

Kubwa kuliko yote ni umbo la njia. Zamani tulikuwa na duara moja kubwa, na katikati yake uko mbali na kila kitu. Sasa wakati wa baridi tunazunguka mizunguko mifupi inayopita tulipoanzia. Anayetaka mmoja anafanya mmoja. Anayetaka mitatu anafanya mitatu. Aliyelowa anabadilisha glavu, aliyechoka anaingia ndani, na hakuna anayelazimika kutamka maneno ya kuomba aachwe: anapofika pale anakunja tu, kama wengine watakavyokunja baadaye. Wenye kasi wanakwenda kivyao, kwenye mizunguko yao mirefu, na makundi yanakutana mwanzo na mwisho.

Upepo nao tumeanza kuupanga. Tunaanza kwa kuukabili, wakati miili ni mikavu, na tunarudi ukitusukuma mgongoni. Ukifanya kinyume unatoka jasho kwa raha na upepo, kisha unageuka nao unakupiga kifuani ukiwa umelowa.

Pancha ina utaratibu wake. Wanaobaki ni watatu: mwenye pancha, mwenye mikono iliyo na joto, na mlinda mkia. Mwenye pancha hagusi kitu. Anavaa koti la akiba na anatembeatembea. Wengine wote hawasimami. Wanaendelea mbele kidogo, wanageuza, wanarudi, wanageuza tena, taratibu, mpaka tuwe tayari. Mtu asiyewahi kuona huweza kudhani tumepotea.

Jingine dogo ambalo watu hulipuuza: upepo wa tairi. Tairi iliyojazwa ndani ya nyumba yenye nyuzi 20 hadi baa 6 (baa ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), ukiitoa kwenye nyuzi 0 inashuka hadi karibu baa 5.5. Si pancha, na siku hizi za utelezi wengi wetu tunataka tairi laini kidogo. Ila asiyejua atasimama, atabonyeza, atatoa pampu, na tayari amesimamisha msafara.

## Ugomvi uliobaki

Jambo moja bado hatujakubaliana, nalo ni lini safari ifutwe.

Kuna wanaotaka namba. Chini ya nyuzi 3 hakuna kutoka, kwisha. Naelewa mvuto wake: namba haioni haya, haimwogopi mwenye kasi, na mgeni halazimiki kuwa wa kwanza kusema anaogopa. Lakini kipimajoto hupima hewa, sisi tunaanguka kwenye lami. Usiku wa anga safi ardhi hupoteza joto upesi kuliko hewa iliyo juu yake, na unaweza kusoma nyuzi 2 huku barabara ikiwa na barafu nyembamba isiyoonekana. Madaraja huganda kabla ya barabara nyingine kwa kuwa baridi inayapiga juu na chini. Kona iliyo kwenye kivuli inaweza kubaki na barafu hadi adhuhuri wakati pande zake zote mbili zimeshakauka. Kwa upande mwingine, asubuhi ya nyuzi 0 yenye mawingu na lami kavu inaweza kuwa salama kabisa ukiwa umevaa vizuri.

Pendekezo langu ni hili. Tuanze saa nne badala ya saa mbili, kwa sababu baridi ya siku hufikia kilele chake karibu na kuchomoza kwa jua na lami inahitaji muda baada ya hapo. Kiongozi na mlinda mkia watangulie wapite mzunguko wa kwanza wenyewe, taratibu, hadi kwenye daraja na kwenye ile kona ya msituni. Wakikuta barafu, safari imefutwa kwa kila mtu, wenye kasi pamoja. Hakuna kundi la mashujaa linaloruhusiwa kujaribu.

Wanaopinga wanasema saa nne inakula siku ya familia, na wana haki. Wengine wanasema kuwatuma watu wawili kutafuta barafu kwa magurudumu mawili ni kuwatafutia kuanguka. Hilo nalo lina uzito, na nimependekeza waende kwa miguu pale penye kivuli, au kwa gari kama mmoja wao analo. Kikao ni Alhamisi jioni. Nitakwenda na ramani ya mizunguko yote, nikiwa nimetia alama kila daraja na kila kivuli, na nitaomba tupige kura hiyohiyo jioni, tukiwa ndani, mikono ikiwa na joto.